Sheria za usalama na afya mahali pa kazi nchini Tanzania

Sheria za usalama na afya mahali pa kazi ni sheria na kanuni zinazomtaka mwajiri, au yeyote mwenye mamlaka juu ya eneo la kazi, kuzuia ajali na magonjwa yanayotokana na kazi. Kwa Tanzania Bara sheria kuu ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003. Inasimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao watu wengi wanaufahamu kwa kifupi chake, OSHA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2005, kwa kuwa masuala ya kazi si ya Muungano.

Makala hii inaeleza lengo la sheria hizo na matokeo yake, ikitumia zaidi mfano wa Matongo, kata ya Wilaya ya Tarime katika Mkoa wa Mara. Kata hiyo iko katika eneo la dhahabu linaloitwa kwa jumla Nyamongo, na hapo mgodi mkubwa wa North Mara unapakana na vijiji na maduara ya wachimbaji wadogo. Ni vigumu kupata mahali pengine nchini ambapo tofauti kati ya kazi inayofikiwa na sheria na kazi isiyofikiwa inaonekana kwa macho namna hiyo.

Lengo

Zamani mtu aliyeumia kazini alihesabiwa kuwa amepatwa na bahati mbaya. Mahakama za Uingereza za karne ya 19 zilikwenda mbali zaidi: zilisema kwamba mfanyakazi anayekubali kazi ya hatari amekubali na hatari yake, na ujira wake umekwisha kuihesabu. Sheria za usalama zilikuja kupindua hoja hiyo. Msingi wake ni kwamba aliyeweka mashine, aliyechagua njia ya kuchimba na anayepata faida ndiye mwenye uwezo wa kuondoa hatari, na kwa hiyo wajibu uwe wake kwanza. Mfanyakazi naye ana wajibu wa kufuata maelekezo na kutohatarisha wenzake, lakini wajibu wake hauondoi ule wa mwajiri.

Lengo la pili ni kumpa mfanyakazi sauti. Anayeshika sururu ndiye wa kwanza kusikia mwamba ukilia, na anayeendesha karasha ndiye anayejua ni siku gani mkanda ulianza kuchezacheza. Kwa sababu hiyo sheria ya mwaka 2003 inataka eneo la kazi lenye waajiriwa zaidi ya wanne liwe na mwakilishi wa wafanyakazi wa usalama na afya, na sehemu kubwa zaidi ziwe na kamati. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), uliopitishwa mwaka 1981, unaongeza jambo zito: mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari ya wazi na ya karibu, akiwa na sababu ya kuamini kwamba maisha yake yako hatarini, asiadhibiwe kwa kuondoka.

Lengo la tatu halisemwi sana, ingawa limeandikwa katika utangulizi wa sheria yenyewe. Sheria ya mwaka 2003 haikutungwa kwa ajili ya wafanyakazi peke yao. Inakusudia pia kuwalinda watu wasio kazini dhidi ya hatari zinazotokana na shughuli za walio kazini. Mama anayepita sokoni chini ya jengo linalojengwa, mtoto anayecheza karibu na karasha na mkulima anayechota maji chini ya bwawa la mgodi wote wamo katika kusudio hilo.

Kuondoa hatari kabla ya kuvaa kofia

Watu wengi wakisikia usalama kazini hufikiria kofia ngumu, buti na koti lenye mistari inayong'aa. Kitaalamu vifaa kinga ni njia ya mwisho. Njia ya kwanza ni kuondoa kihatarishi chenyewe. Isipowezekana, kibadilishwe kwa kitu chenye madhara kidogo. Kisha kitengwe na watu. Kisha kazi ipangwe upya ili watu wachache wakikaribie kwa muda mfupi. Baada ya hayo yote ndipo zinafuata barakoa na glavu.

Vumbi la mgodini linaonyesha vizuri sababu yake. Mwamba wenye dhahabu mara nyingi huwa na silika nyingi. Ukitobolewa kwa mashine kavu hutoa chembe ndogo zisizoonekana ambazo hufika ndani kabisa ya mapafu na kukaa humo. Ugonjwa wake, silikosisi, huchukua miaka kujitokeza, hauna tiba ya kuuondoa, na humweka mgonjwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Ukitumia maji wakati wa kutoboa, sehemu kubwa ya vumbi haipandi hewani. Feni za kuvuta hewa chafu chini ya ardhi hupunguza lililobaki, na chumba cha dereva kilichofungwa vizuri humkinga mwendesha mtambo. Barakoa bila hatua hizo ni msaada mdogo, hasa ikiwa ni kitambaa kilichofungwa puani.

Mfano huo unaonyesha pia kwa nini sheria inasisitiza upimaji wa afya kabla ya mtu kuanza kazi, kila baada ya kipindi fulani akiwa kazini, na anapoondoka. Ajali ina siku na saa, na mashahidi huwapo. Ugonjwa wa kazi hauna siku. Mtu akigundulika na mapafu mabovu miaka kumi baada ya kuacha kazi, swali la kwanza litakuwa: yalikuwaje siku alipoajiriwa? Bila cheti cha kipimo cha kwanza jibu halipo, na madai yake hudhoofika. Hali ni hiyohiyo kwa uziwi unaosababishwa na kelele na kwa maumivu ya mgongo ya madereva wa malori makubwa.

Historia

Sheria za aina hii zilianzia katika viwanda vya nguo vya Uingereza. Sheria ya mwaka 1802 ilijaribu kuwalinda watoto wanagenzi lakini haikuwa na watu wa kuisimamia. Ile ya mwaka 1833 ilianzisha wakaguzi wa viwanda wanaolipwa na serikali. Hilo ndilo jambo lililoleta mabadiliko, kwa sababu amri isiyo na mkaguzi ilikuwa imekwisha kujaribiwa kwa miaka 31.

Tanganyika ilipata Sheria ya Viwanda mwaka 1950, chini ya utawala wa Waingereza. Kama jina lake linavyosema, iligusa viwanda: boila, winchi, mashine zenye magurudumu na mikanda, vyoo na mwanga. Mashamba makubwa hayakuwemo kama sehemu za kazi, wala ofisi, shule na hospitali. Migodi ilikuwa na sheria zake za madini. Mkoa wa Mara wenyewe ulikuwa na migodi ya dhahabu tangu enzi ya ukoloni, kama Buhemba na Kiabakari, kwa hiyo kazi ya chini ya ardhi si jambo geni kwa wakazi wake.

Sheria hiyo ya mwaka 1950 iliendelea kutumika kwa zaidi ya miaka 40 baada ya uhuru, wakati nchi ilipojenga viwanda vya umma na kisha kuvibinafsisha. Mwaka 2001 serikali ilianzisha OSHA kama wakala, kwa kutumia Sheria ya Wakala wa Serikali ya mwaka 1997. Miaka miwili baadaye Bunge lilipitisha sheria mpya iliyofuta ile ya viwanda. Badiliko kubwa lilikuwa katika maneno mawili: badala ya "kiwanda", sheria mpya inasema "mahali pa kazi". Gereji, shamba la chai, benki, shule, machimbo ya kokoto na jengo linalojengwa vyote vikaingia.

Yaliyomo katika sheria ya mwaka 2003

Sheria inamtaka mwenye eneo la kazi kulisajili, kutathmini vihatarishi vilivyomo, kuwapa wafanyakazi mafunzo na vifaa kinga, kuweka huduma ya kwanza na vifaa vya kuzimia moto, na kutoa taarifa za ajali na magonjwa ya kazi. Mkaguzi ana haki ya kuingia, kuhoji watu, kuchukua vipimo na kutoa ilani ya kurekebisha kasoro. Hatari ikiwa kubwa anaweza kusimamisha kazi au mashine hadi irekebishwe. Uwezo huo wa kusimamisha ndio wenye makali, kwa kuwa mtambo uliosimama kwa siku moja unaweza kumgharimu mwenye mali kuliko faini.

Sheria hiyo haisimami peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtu mwenye umri chini ya miaka 18 mgodini, kiwandani au melini, na inakataza kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi yenye madhara kwake au kwa mtoto. Sheria ya Baruti ya mwaka 1963 inasimamia milipuko. Kwa upande wa migodi kuna Sheria ya Madini ya mwaka 2010 pamoja na kanuni zake za usalama, afya na utunzaji wa mazingira za mwaka huohuo. Kanuni hizo husimamiwa na wakaguzi wa migodi ambao leo wako chini ya Tume ya Madini, chombo kilichotokana na marekebisho ya mwaka 2017. Kwa hiyo mgodi mmoja unaweza kupokea wageni wa OSHA, wa Tume ya Madini na wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), kila mmoja na daftari lake. Waajiri wamelalamikia jambo hilo kwa muda mrefu, na baada ya serikali kutoa mpango wa kuboresha mazingira ya biashara mwaka 2018 baadhi ya tozo za OSHA zilifutwa au kupunguzwa.

Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake. Ada ikiwa ndicho kitu cha kwanza mwenye karakana ndogo anachokutana nacho, ataiona OSHA kama mtoza ushuru mwingine, na atajificha badala ya kuuliza namna ya kufunika mkanda wa mashine yake.

Matongo: kazi ndani ya ukuta

Wenyeji wa Nyamongo walichimba dhahabu kwa mikono kabla ya kampuni kubwa kufika. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002 chini ya kampuni ya Afrika Mashariki, ukapita kwa Placer Dome, na mwaka 2006 ukawa wa Barrick. Baadaye uliendeshwa kwa majina ya African Barrick Gold na Acacia hadi Barrick iliporudi kuusimamia moja kwa moja mwaka 2019. Tangu makubaliano yaliyofuata, serikali ya Tanzania ina hisa za asilimia 16 kupitia kampuni ya Twiga Minerals. Mashimo yake yanajulikana kwa majina ya mahali: Nyabirama, Nyabigena na Gokona. Gokona ilianza kuchimbwa chini ya ardhi mwaka 2015.

Badiliko hilo la Gokona lina maana yake kwa usalama. Katika shimo la wazi hatari kubwa ni malori, kuta zinazoporomoka, milipuko na vumbi la barabarani. Chini ya ardhi zinaongezeka hewa, moshi wa injini za dizeli, joto, maji na dari la mwamba juu ya kichwa. Kanuni za madini zinataka mgodi wa namna hiyo uwe na meneja mwenye sifa anayewajibika kisheria, mfumo wa hewa, njia za kutokea wakati wa dharura na kikosi cha uokoaji. Ndani ya ukuta wa mgodi karibu kila kitu kina jina katika sheria: mwajiri anajulikana, mkandarasi ana mkataba, mfanyakazi ana namba, na kuna vyama vya wafanyakazi vya sekta ya migodi kama TAMICO na NUMET.

Hii haimaanishi kwamba ndani hakuna matatizo. Katika migodi mikubwa ya Kanda ya Ziwa kwa jumla, swali gumu ni la wafanyakazi wa makandarasi. Mtu anaweza kufanya kazi katika shimo lilelile kwa miaka mingi akiwa ameajiriwa na kampuni tatu zilizofuatana, na kila moja ikasema ugonjwa wake ulianza kwa nyingine. Ndiyo maana kipimo cha kuondoka kina uzito sawa na kile cha kuingia. Mfanyakazi anayeondoka bila nakala ya majibu yake ameacha ushahidi wake ofisini kwa watu wengine.

Matongo: kazi nje ya ukuta

Nje ya ukuta huo kuna kazi nyingine, na ndiyo inayobeba hatari kubwa zaidi kwa kila anayeifanya. Uchimbaji mdogo una leseni yake kisheria, na mwenye leseni hiyo anafungwa na kanuni za usalama kama mgodi mkubwa, ingawa kwa kiwango chake. Katika duara kuta hushikiliwa na matimba, yaani magogo yanayopangwa kuzuia udongo usiporomoke. Watu hushuka kwa kamba au ngazi za miti. Hewa hupelekwa kwa kompresa au kwa feni ndogo, na mahali pengine haipelekwi kabisa. Mawe yakitoka huvunjwa kwa nyundo au karasha, husagwa, kisha huoshwa kwenye mwalo.

Ajali za maduara zinajulikana na zina majira yake. Mvua ikinyesha udongo hulainika na maji huingia kwenye mashimo. Huko Mererani, mkoani Manyara, mafuriko ya mwaka 1998 na ya mwaka 2008 yaliua makumi ya wachimbaji wa tanzanaiti. Mwaka 2015, huko Nyangalata katika Wilaya ya Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41. Januari 2024 watu 22 walikufa baada ya kufukiwa na kifusi katika machimbo ya Ng'alita, Wilaya ya Bariadi, na Agosti 2025 watu 25 walifukiwa huko Nyandolwa, mkoani Shinyanga, wakiwa katika kazi ya ukarabati wa maduara. Huko Bariadi wachimbaji walikuwa wameingia sehemu iliyokwisha kukatazwa kwa sababu ya mvua. Katazo lilikuwepo, lakini hapakuwa na mtu wa kulisimamia usiku, wala hapakuwa na kipato kingine cha siku hiyo.

Zebaki ni hatari ya aina tofauti, maana haina kishindo. Mchimbaji huichanganya na mchanga uliosagwa ili ishike chembe za dhahabu, kisha huuchoma mchanganyiko huo ili zebaki iondoke kama mvuke na dhahabu ibaki. Mvuke ukivutwa huathiri mishipa ya fahamu na figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Kazi hiyo mara nyingi hufanyika uani au jikoni, kwa kikaango, watoto wakiwa karibu. Kifaa cha kunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki kipo, hakina ufundi mgumu, na humwezesha mchimbaji kuitumia zebaki yake tena. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mkataba huo unaitaka nchi yenye uchimbaji mdogo kupunguza, na inapowezekana kukomesha, matumizi ya zebaki, hasa uchomaji wa wazi na uchomaji katika makazi ya watu.

Kuna kundi la tatu katika eneo la Nyamongo, nalo ndilo limekuwa na maumivu zaidi. Kwa miaka mingi vijana wameingia katika eneo la mgodi, hasa kwenye marundo ya mawe ya mabaki, kutafuta mawe yenye dhahabu. Magazeti huwaita wavamizi. Mapambano kati yao na polisi au walinzi yamesababisha vifo na majeruhi. Mwaka 2013 baadhi ya wanavijiji walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London dhidi ya African Barrick Gold na kampuni yake tanzu, na kesi hiyo ikamalizika mwaka 2015 kwa makubaliano. Kwa macho ya sheria ya kazi watu hao si wafanyakazi wa mtu yeyote. Lakini anayeokota mawe usiku juu ya rundo linaloweza kuteleza yumo katika hatari za mgodi uleule, na anarudi nyumbani kuyavunja kwa vumbi lilelile.

Nani mwajiri?

Swali linaloamua kama sheria itamfikia mchimbaji wa duara ni dogo: nani mwajiri wake? Kwa kawaida duara lina mwenye leseni, mwenye ardhi, mwenye duara, mtu anayetoa fedha za chakula, baruti na mafuta, na wachimbaji wenyewe. Mishahara hakuna. Mawe yakitoka hugawanywa kwa viroba, kila mmoja na fungu lake. Ajali ikitokea kila mmoja anaweza kusema yeye ni mshirika tu, na mchimbaji aliyevunjika mguu anaambiwa kwamba naye alikuwa na hisa zake katika biashara.

Sheria ya nchi haikubali jibu hilo kirahisi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema mtu anayefanya kazi kwa ajili ya mwingine atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa hata moja kati ya dalili zilizotajwa ipo. Miongoni mwa dalili hizo ni kwamba namna yake ya kufanya kazi au saa zake zinaongozwa na mwingine, amefanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea huyo mwingine kiuchumi, au amepewa vifaa vya kazi naye. Anayeshuka shimoni kwa zamu iliyopangwa na mwenye duara, kwa kamba ya mwenye duara, ana zaidi ya dalili moja. Mgogoro wa aina hiyo huanzia katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).

Ni kifungu chenye nguvu ambacho wachimbaji wachache wamewahi kukisikia. Kinahitaji mtu wa kudai, na wa kudai anahitaji kujua jina la mwenye leseni. Mara nyingi mchimbaji anamjua msimamizi wa duara tu, tena kwa jina la utani.

Wakazi wasio kazini

Vijiji vya Nyamongo viko karibu sana na mgodi kiasi kwamba mpaka kati ya usalama wa kazini na usalama wa mazingira hauonekani. Mto Tigite unapita karibu na kuingia katika mto Mara, ambao ng'ambo yake ni Wilaya ya Serengeti na ambao unaishia katika ziwa Viktoria. Mwaka 2009 kuvuja kwa maji yenye kemikali kutoka mgodini kuelekea Tigite kulizusha malalamiko makubwa ya wakazi kuhusu watu na mifugo. Mei 2019 NEMC iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotokana na bwawa la mabaki yenye sumu.

Faini hiyo ilitolewa kwa kutumia sheria ya mazingira. Hata hivyo bwawa la mabaki ni mahali pa kazi pia: kuna watu wanaopima kuta zake, wanaotengeneza mabomba na wanaoshughulika na maji yenye sianidi. Ukuta ukivuja, wa kwanza kukanyaga maji hayo ni mfanyakazi na wa pili ni mkazi. Kusudio la sheria ya mwaka 2003 kuwalinda "watu wasio kazini" lingeweza kutumika hapa sambamba na sheria ya mazingira, lakini katika mjadala wa hadharani kuhusu Nyamongo halikusikika sana.

Fidia

Sheria ya kuzuia isipofanikiwa, inabaki sheria ya fidia. Kwa miongo mingi Tanzania ilitumia sheria ya fidia ya enzi ya ukoloni, ambayo viwango vyake vilikuwa vimetajwa kwa shilingi na havikupanda pamoja na bei. Kufikia miaka ya 2000 malipo ya juu kabisa yalikuwa hayamtoshi mtu aliyepoteza mkono hata kwa matumizi ya miezi michache.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Ulianza kupokea michango Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Mwanzoni sekta binafsi ilichangia asilimia 1 ya mishahara na sekta ya umma asilimia 0.5, kisha kiwango cha sekta binafsi kikashushwa kwa hatua. Mafao ni pamoja na matibabu, malipo ya ulemavu wa muda na wa kudumu, utengamao, gharama za mazishi na pensheni kwa wategemezi. Mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kosa la mwajiri ili alipwe. Inatosha kwamba ameumia au ameugua kwa sababu ya kazi.

Kwa mwajiriwa wa mgodi mkubwa aliyeandikishwa, hayo ni mabadiliko makubwa kweli. Kwa mchimbaji wa duara, Mfuko uko mbali kwa sababu ileile ya swali la mwajiri. Msiba ukitokea, kinachofanya kazi ni mchango wa wenzake: fedha za jeneza na usafiri wa mwili, na fungu la mawe analopewa mjane ikiwa mwenye duara ni mtu wa haki.

Matokeo ya sheria

Kupima matokeo ya sheria za aina hii si rahisi. Idadi ya ajali zilizoandikwa inaweza kupanda kwa sababu watu wameanza kuziripoti, kwa hiyo eneo lenye takwimu mbaya linaweza kuwa salama kuliko lile lisilo na takwimu kabisa. Uingereza ilipitisha sheria yake ya jumla mwaka 1974, mwaka ambao wafanyakazi zaidi ya 600 walikufa kwa ajali za kazini. Katika miaka ya karibuni idadi imekuwa chini ya 150. Sehemu ya upungufu huo inatokana na kufungwa kwa migodi ya makaa ya mawe na viwanda vizito, si sheria peke yake. Kwa dunia nzima ILO inakadiria kwamba watu karibu milioni 3 hufa kila mwaka kwa ajali na magonjwa ya kazi, na magonjwa huua wengi zaidi kuliko ajali. Juni 2022 shirika hilo liliingiza mazingira salama ya kazi katika haki za msingi za kazi, pamoja na uhuru wa kujiunga na vyama na marufuku ya utumikishwaji wa watoto.

Katika Tanzania Bara matokeo yaliyo wazi ni ya kitaasisi. Kuna wakala wenye ofisi za kanda, ikiwemo ya Kanda ya Ziwa huko Mwanza inayohudumia Mara. Maafisa usalama wamekuwa taaluma inayosomewa. Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, tarehe 28 Aprili, huadhimishwa kitaifa. Makampuni makubwa hushindania tuzo zinazotolewa siku hiyo. Vyombo hivyo vimejengwa kwa kumfuata mwajiri mwenye anwani, na wengi wa Watanzania hufanya kazi mashambani na katika shughuli zisizo rasmi ambako anwani hiyo haipo.

Nchi jirani zina sheria zinazofanana. Uganda ilipitisha yake mwaka 2006 na Kenya mwaka 2007. Kenya ilitunga mwaka huohuo sheria ya fidia inayomtaka mwajiri kukata bima. Swali la uchimbaji mdogo linazikabili zote tatu: dhahabu huchimbwa kwa mikono huko Migori, upande wa pili wa mpaka kutoka Tarime, kwa matimba, karasha na zebaki kama ilivyo Nyamongo.